Bahari Haitazamwi Dirishani

Kila asubuhi Mama Miwani aliosha miwani kabla hajaosha vikombe. Alijaza maji kwenye beseni, akatia matone ya sabuni ya watoto, akasugua vioo kwa kidole. Sabuni hiyo ilizuia ukungu. Kisha aliitundika miwani kwenye kamba ya nguo, katikati ya mashuka. Mpita njia aliona safu ya macho makubwa ya kioo yakimkodolea, kana kwamba nyumba nzima inataka kujua anakwenda wapi.

Juu kulikuwa na vyumba vya wageni. Chini, karibu na mlango, alikodisha miwani ya kutazamia samaki, mirija ya kupumulia, na mapezi ya mpira ya kuvaa miguuni. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limesahauliwa hata na muuza mkate. Kwa wote alikuwa Mama Miwani.

Wageni wakimaliza chai walimuuliza, "Mama, leo bahari ikoje?"

Yeye alinyoosha shingo juu ya sinki, akachungulia dirisha la jikoni. Pale dirishani kilionekana kipande cha bahari, upande wa gati, mahali boti zinapofungwa.

"Shwari," alijibu. "Nendeni tu. Samaki wanawasubiri."

Mara nyingi mambo yalikwenda vizuri. Kwa hiyo hakuona sababu ya kutoka nje ya jikoni.

Mumewe alikuwa fundi wa friji. Yeye alizaliwa palepale kisiwani. Aliogelea tangu hajang'oa meno ya utoto, na hilo alimwambia kila aliyetaka kusikia, na hata asiyetaka. Mkewe alikuwa akisema, "Mume wangu akianza habari za bahari, wewe tafuta kiti."

Mwaka ule binti yao alikuja likizo pamoja na mume wake. Walikuwa wameoana hivi karibuni. Mkwe alikuwa mfamasia, kijana mpole, mwenye sauti ya chini. Alikulia mbali na bahari. Siku ya kwanza mezani, Fundi alimuuliza kama anajua kuogelea.

"Najua kiasi, baba," mkwe alisema. "Nilijifunza kwenye bwawa la shule."

Fundi alicheka mpaka chai ikampalia. "Bwawa! Mkwe wangu, bwawa ni kikombe. Kesho nitakuonyesha sufuria yenyewe."

"Mume wangu, usimtishe mtoto wa watu," Mama Miwani alisema, lakini na yeye alikuwa anacheka.

Kesho yake mchana walikwenda wote wanne kwenye ufukwe wa nyuma ya kisiwa. Huko mwamba wa matumbawe umejipanga kama ukuta, mbali kidogo na pwani. Ndani ya ukuta huo maji ni machache na masafi, na samaki ni wengi. Katikati ya mwamba kuna pengo. Boti hupita hapo kwenda bahari kuu. Wenyeji huliita mlango.

Kabla ya kutoka nyumbani, Mama Miwani alikuwa amechungulia dirisha lake. Shwari. Walipofika ufukweni, bahari ilikuwa imelala kama kitanda kilichotandikwa. Upepo ulitoka nyuma yao, kwenye miti, ukipeperusha kofia kuelekea majini.

"Umeona?" Fundi alimwambia mkwe. "Siku kama hii hata paka anaogelea."

Wawili hao walivaa miwani na mapezi, wakaingia. Mama Miwani na bintiye waliketi kivulini wakimenya machungwa. Walizungumza habari za harusi, nani alikuja, nani alinuna, nani alikula mara mbili. Kwa mbali waliona mirija miwili ikielea juu ya maji, sambamba. Wanaume walikuwa wamelala kifudifudi, wakitazama chini.

Binti ndiye aliyegundua kwanza.

"Mama, mbona wamekwenda mbali hivyo?"

Mama Miwani alisimama. Mirija ilikuwa midogo kama njiti za kiberiti. Ilikuwa karibu na mlango wa mwamba. Akapunga mkono. Mmoja wao aliinua kichwa, akapunga pia, akidhani anasalimiwa. Kisha akatazama kulia, akatazama kushoto. Hapo akaelewa.

Walianza kuogelea kurudi. Mama Miwani aliyaona mapezi yakipiga maji, mapovu meupe yakiruka. Walipiga maji, wakapiga tena. Lakini hawakusogea. Badala yake walikuwa wanarudi nyumanyuma, taratibu, kama watu wanaopanda ngazi inayoshuka.

Binti alipiga ukelele. Mama Miwani hakujua alivyofika majini. Alishtukia gauni limelowa hadi kiunoni.

"Mama! Toka humo! Toka sasa hivi!"

Aliyepaza sauti alikuwa jirani yao mpya. Alikuwa mwanamke anayefundisha watu kuzamia baharini, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Miezi hiyo alikuwa mjamzito, tumbo limeshakuwa kubwa. Daktari alimkataza kuzamia, akamwambia atembee. Basi alitembea ufukweni kila siku, mikono nyuma, kama askari wa zamu.

"Mume wangu yule!" Mama Miwani alilia. "Na mkwe wangu!"

"Nimewaona. Ukiingia mtakuwa watatu. Toka, nakuhitaji huku."

Mwalimu alikuwa tayari na simu sikioni. Alimpigia mwenzake mwenye boti kwenye ghuba ya jirani. Alisema maneno machache tu: wapi, wangapi, wanakwenda upande gani. Kisha akachukua taulo jekundu la binti, akakimbia kadiri tumbo lilivyomruhusu, akapanda kwenye jiwe refu.

"Wanapigana na mkondo," alisema. "Watachoka. Inabidi waende pembeni."

Akaanza kupunga taulo. Hakulipunga juu na chini kama mtu anayeita. Alilivuta upande mmoja, kushoto, kushoto, tena kushoto, akionyesha kwa mkono wote.

Kule majini Fundi hakutazama taulo wala jiwe. Alikuwa akiutazama ufukwe alioujua, na aliuendea moja kwa moja. Alipiga maji kwa nguvu zake zote. Mkwe ndiye aliyeliona taulo. Alisimama wima majini, akatazama, akafikiri. Mama Miwani alimwona akigeuka, akimfuata Fundi, akimshika mkono.

Baadaye mkwe alisimulia walichosemezana.

"Baba, wanatuambia twende kushoto."

"Nyumbani ni kule!" Fundi alijibu huku akitema maji. "Piga maji, kijana!"

"Baba, hatusogei. Lala chali. Tafadhali, baba, lala chali upumue. Mimi nimekushika."

Fundi hakuwahi kuamriwa na mkwe. Lakini miguu ilikuwa imemkakamaa, na kifua kilimwaka moto. Akalala chali.

Mkondo uliwapitisha mlangoni. Kutoka ufukweni hawakuonekana tena. Binti aliketi mchangani, akauficha uso magotini. Mama Miwani alisimama tu. Midomo yake ilitembea bila sauti. Alikuwa akijiuliza atamwambia nini mama wa kijana yule, mwanamke aliyemkabidhi mwanawe kwa furaha siku ya harusi.

"Ng'ambo ya mlango maji hutawanyika," Mwalimu alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, ila vidole vilikuwa vimelibana taulo. "Nguvu ya mkondo hupungua. Wakielea tu, boti itawakuta."

Boti ilitokea upande wa kushoto, ikazunguka mwamba. Ilichelewa huko muda ambao kwa Mama Miwani ulikuwa mrefu kuliko umri wake. Iliporudi, vichwa viwili vilionekana ndani yake.

Fundi alishushwa akiwa amekwaruzwa magoti na matumbawe. Alitapika maji ya chumvi mchangani, mbele ya mkwewe. Hakuna aliyecheka. Bintiye alimkumbatia mumewe, akampiga ngumi ya begani, akamkumbatia tena.

Siku ya pili Fundi alikaa mezani, magoti yamefungwa bendeji, uso umefungwa zaidi. Mkwe alimsogezea chai. Fundi aliipokea bila kumtazama.

Mwalimu alikuja kuwajulia hali. Alipewa kiti na mto wa mgongoni.

"Mwalimu, nieleze," Mama Miwani alisema. "Jana bahari ilikuwa shwari. Niliiona kwa macho yangu."

"Uliiona wapi, mama?"

Mama Miwani alionyesha dirisha la jikoni.

Mwalimu alikwenda kwenye sinki, akachungulia, akarudi.

"Hapo unaona upande wa gati. Upande huo umekingwa na kilima. Ninyi mliingia nyuma ya kisiwa. Kisiwa kimoja, lakini siku moja kinaweza kuwa na bahari mbili."

"Hata kule ilikuwa imelala," Fundi alisema kwa mkato. "Na mimi nimezaliwa hapa."

"Kaka, mkondo haumuulizi mtu amezaliwa wapi," Mwalimu alisema. Hakusema kwa dharau. "Mwezi ukoje siku hizi?"

"Ni mwezi mpevu," mkwe alijibu.

"Ndiyo. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa sana na hukauka sana. Jana mliingia wakati maji yanatoka. Yale maji yote ndani ya mwamba yanatafuta pa kutokea. Yatatokea wapi?"

"Mlangoni," Mama Miwani alisema taratibu.

"Basi. Na upepo je? Ulikuwa unatoka nchi kavu. Upepo wa namna hiyo unalaza mawimbi, unafanya bahari ionekane nzuri. Lakini unamsukuma mtu nje. Ninyi mlikuwa mmelala juu ya maji mnatazama samaki. Mngejuaje kama mnasogea?"

Fundi alikuna bendeji. "Hatukuinua vichwa," alikiri.

Mama Miwani alikuwa akiwahesabu moyoni wageni wote aliowaambia nendeni tu. Wazee. Akina mama na watoto wao.

"Nifundishe," alisema. "Nitamkodishiaje mtu miwani na sijui nampeleka wapi?"

Walianza asubuhi iliyofuata. Mwalimu na Mama Miwani walitembea hadi nyuma ya kisiwa, wakaketi kwenye jiwe.

"Haya, iko shwari?" Mwalimu aliuliza.

"Iko shwari."

"Umetazama kwa muda gani?"

"Si ndiyo kwanza nimefika?"

"Basi hujaona kitu. Mawimbi makubwa huja kwa makundi. Linakuja kundi, linapita, bahari inalala, watu wanaingia. Halafu linakuja kundi jingine. Tutakaa mpaka tuchoke, ndipo tuseme neno."

Wakakaa. Mwalimu alimwonyesha mapovu juu ya maji. Yanakwenda wapi, na kwa kasi gani? Kipande cha mwani kinachoelea kilipita mbele yao polepole. Kama kingepita kwa kasi ya mtu anayetembea, alisema, mwogeleaji wa kawaida angechoka haraka akijaribu kukipinga. Alimwonyesha pale mlangoni, maji laini na meusi kati ya sehemu mbili za mapovu meupe. Macho ya mgeni huona njia nzuri ya kupita. Kumbe hapo ndipo maji yanapokimbia kutoka.

"Ukiona vichwa vyeupe vya mawimbi kila mahali, upepo ni mkali, hakuna kuingia," Mwalimu alisema. "Mvua kubwa ikinyesha, maji yakageuka rangi ya udongo, hakuna kuingia. Humo huoni mwamba, na uchafu wote wa mitaroni umo humo. Ukisikia radi, hata ya mbali, toka."

"Na saa nzuri ni ipi?"

"Hapa petu, maji yakikaribia kujaa na kutulia. Kuna muda mfupi kabla hayajageuka ambapo mkondo hulala. Wakati huo mwamba una maji ya kutosha juu yake, hamkwaruzwi magoti." Akatabasamu. "Saa hizo hubadilika kila siku. Utaziona kwenye jedwali la maji pale gatini. Na utabiri wa hali ya hewa sikiliza redioni. Lakini jedwali na redio havioni ufukwe huu. Lazima uje mwenyewe."

"Kila siku?"

"Mama, wewe hupika chai kila siku?"

Mama Miwani akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu ajali ile.

Tangu hapo chai ya wageni ilichelewa kidogo. Mama Miwani alikwenda ufukweni kwanza. Aliporudi aliwaambia wageni mahali pa kuingilia, mahali pa kutokea, na saa ya kurudi. Aliwakataza kwenda peke yao. Aliwaambia wainue vichwa kila mara, watafute jengo au mti waliouacha ufukweni, waone kama bado upo mbele yao. Aliwaambia waanze kurudi wangali na nguvu, na mmoja wao abaki nchi kavu akitazama. Na mkondo ukiwachukua, wasipigane nao. Waelee, wainue mkono, wapige kelele, waogelee pembeni mpaka waachiwe. Alisema hayo yote huku akiwakaza mikanda ya miwani, kwa hiyo hawakuweza kumkimbia.

Wengine walishukuru. Wengine walisema Mama Miwani amekuwa mkali kama matroni wa bweni.

Siku moja ya Jumapili walikuja wageni kutoka mbali, kundi zima la ndugu na jamaa waliokodi vyumba vya juu, wakiongozwa na mwanamume mnene mwenye sauti kama spika. Walitaka miwani kwa wote. Jua lilikuwa linawaka, hapakuwa na wingu.

"Leo hapana," Mama Miwani alisema.

"Hapana nini?"

"Redio imesema kuna dhoruba bahari kuu, mbali sana. Mawimbi yake yanasafiri. Na alfajiri nimeyaona yanaanza kugonga mwamba."

Yule bwana alitazama juu, akatazama dirishani. "Dhoruba? Mama, hata jani halitikisiki! Sema tu hutaki biashara."

Jamaa zake wakacheka. Mama Miwani alihisi uso unamwaka. Duka la jirani nalo lilikuwa na miwani. Aligeuka kumtazama mumewe, aliyekuwa amechuchumaa akifungua friji ya wageni. Kabla hajasema lolote, Fundi alisimama, akafuta mikono.

"Bwana mkubwa," alisema, "twende tukaone pamoja. Ukiisha kuona, amua mwenyewe."

Walikwenda wote, na mkwe pia. Bahari ya nyuma ilikuwa imelala. Yule bwana alitandaza mikono. "Haya! Dhoruba iko wapi?"

"Kaa," Mama Miwani alisema.

Wakakaa. Watoto walianza kurusha mchanga. Mtu mmoja alipiga miayo. Bahari iliendelea kulala. Mama Miwani aliyatazama mapovu, akautazama mlango wa mwamba. Labda amekosea. Labda kesho mtaa mzima utamcheka. Yule bwana alijikung'uta mchanga, akainuka.

"Mama, tumekuheshimu vya kutosha..."

Hakumaliza. Huko nje maji yaliinuka bila mapovu, kama mtu anayejigeuza chini ya shuka. Wimbi la kwanza lilipanda juu ya mwamba likavunjika kwa kishindo. La pili lilikuwa kubwa zaidi. La tatu liliupita mwamba wote, likaja hadi ufukweni, likayazoa makubazi ya watoto. Kisha maji yale yote yakarudi, yakikimbilia mlangoni, na makubazi yakaenda nayo. Watu waliyaona yakipita mlangoni, moja baada ya jingine, mpaka yakapotea.

Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake, akampakata, ingawa mtoto alikuwa mkubwa.

Yule bwana alikaa tena chini. Sauti yake safari hii ilikuwa ndogo.

"Lini tunaweza kuja?"

"Mpaka mawimbi yaishe," Mama Miwani alisema. "Nitakuja kutazama kesho, na kesho kutwa. Ikiwa nzuri nitawaambia. Leo wapelekeni watoto upande wa gati, wacheze maji ya magotini."

Mawimbi yalichukua siku kadhaa kutulia. Hatimaye, asubuhi moja, Mama Miwani alikaa kwenye jiwe muda mrefu na hakuna kundi lililokuja. Upepo ulikuwa mdogo, wa kutoka baharini. Maji yalikuwa yanakaribia kujaa. Mwani ulielea mahali pamoja. Akarudi nyumbani, akawapa miwani yule bwana na jamaa zake. Waliingia kwa zamu, nusu majini, nusu nchi kavu.

Mkwe naye alichukua miwani. Likizo ilikuwa inaisha. Fundi alikuwa mlangoni, ameshika mapezi, hayavai wala hayaweki chini. Tangu ajali hakuwa ameingia baharini.

"Baba, tutakaa karibu," mkwe alisema. "Mama atatutazama."

Fundi alivuta pumzi. "Mkwe, siku ile..."

"Yameisha, baba."

"Hayajaisha. Ulinishika na mimi nilikufokea. Na mpaka leo sijakuambia asante." Aliyatazama mapezi. "Nilikuwa naona haya. Asante, mwanangu."

Kijana alishika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili.

Waliingia pamoja. Mama Miwani alisimama ufukweni na bintiye, pembeni ya Mwalimu aliyekuwa akijipepea kwa kofia. Kila baada ya muda mfupi vichwa viwili viliinuka majini, vikaitafuta pwani, vikarudi chini kutazama samaki. Kabla maji hayajageuka, wanaume hao walikuwa wameshatoka, wamelowa, wakibishana kwa sauti kuhusu ukubwa wa kasa waliyemwona.

"Alikuwa kama meza!" Fundi alisema.

"Kama sinia, baba."

"Meza! Mke wangu, mwambie mkweo. Alikuwa kama meza."

Mama Miwani aliwarushia taulo, kila mtu lake.